Zamu ya Kushuka

Mkomaindo, Masasi
Jumapili jioni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimeiweka shikamoo hii juu kabisa, peke yake, ili Isabela akianza kukusomea uipokee kwanza na kuiitikia, ndipo aendelee. Na wewe Isabela mdogo wangu, marahaba, najua umeniamkia. Msomee mama polepole. Usiruke mistari kukimbilia mwisho kama unavyofanya na vitabu vya shule, maana nitajua.

Mama, magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyopewa na jirani inasaidia, au ndiyo harufu tu? Mikorosho ya nyuma ya nyumba imeshaanza kutoa maua? Huku chini asubuhi kuna baridi, sembuse huko juu Newala. Naomba ujifunike na usitoke nje bila kitu mabegani.

Sisi hatujambo. Nikolao bado yuko Lindi kwenye ujenzi, anapiga simu jioni akishashuka jukwaani, na anakuamkia kwa ile aibu yake ya mkwe ambayo naona haitakaa iishe. Mume wako Alfredi hajambo kabisa. Ameota meno mawili ya chini na ananiuma, nikimkaripia anacheka. Kila siku anazidi kufanana na marehemu baba aliyemrithi jina, hasa akikasirika, lile paji la uso linakunjana vilevile. Watu wananiuliza kwa nini mtoto mdogo hivi namwita baba, nawaambia kwa sababu ndiye.

Najua mama unamsubiri. Nilikuambia mwisho wa mwezi huu nitampandisha kwako akae nawe, na Isabela ameniambia umeshakikaza kamba kile kitanda nilichokuwa nalalia mimi nikiwa mdogo. Niliposikia hivyo nililia kidogo. Barua hii ni kuhusu hilo. Sikupiga simu kwa sababu nakujua mama yangu. Kwenye simu ukisikia jambo usilolitaka unasema mtandao mbaya, unakata. Barua haikatwi.

Nianze mwanzo ili uelewe vizuri.

Kazi yangu unaijua. Naosha yale madumu makubwa ya maji, yale ya kubinuliwa kwenye mashine za maofisini. Yanarudi matupu, mengine yana vumbi, mengine yamepata ukijani ndani, sisi tunayasugua kwa brashi ya mpini mrefu, tunasuuza, tunayainua kwenye mwanga kuangalia kama kuna kitu kimebaki, ndipo yanaenda kujazwa. Siku ile nilipokueleza ulicheka sana, ukasema wewe umepandisha maji kichwani kutoka bondeni mpaka shingo ikaingia mabegani, hukulipwa na mtu, na leo mwanao analipwa kwa kuosha chombo tu.

Jambo ambalo sikukueleza ni namna nilivyoipata. Siku ya kuandikwa, msimamizi wetu Abrahamu aliuliza kila mwanamke kama ana mtoto anayenyonya, maana wenye watoto wachanga hawachukuliwi. Nikajibu ninaye, ila yuko Newala kwa bibi yake. Alfredi wakati ule alikuwa getini, amelala mgongoni kwa Sijaona, yule mama anayeuza uji na ming'oko ya kuchemsha nje ya ukuta wetu. Ndiyo maana nikakuomba umchukue. Nilitaka neno nililolisema liwe kweli kabla halijanitia aibu.

Basi ikawa hivyo. Sijaona anakaa naye, na akilia sana anagonga mwiko kwenye sufuria kama anayekung'uta uji, nami nasikia. Nikipata upenyo natoka mbio kama naenda msalani, namnyonyesha nyuma ya turubai, narudi. Kifua kikijaa maziwa yanatoka yenyewe, lakini pale kwenye kuoshea sote tunalowa toka asubuhi, kwa hiyo hakuna aliyejua. Maziwa yangu yalikuwa yanajificha kwenye maji ya kampuni.

Sasa sikia kilichotokea. Ijumaa moja Abrahamu alitukusanya, akiwa na mafua na haraka zake, akatuambia kwamba makao makuu wamemshusha mkurugenzi. Kuanzia Jumatatu Bwana Eliakimu atakuwa huku chini na sisi, atavaa ovaroli na buti, atashika brashi kama sisi, na mtu yeyote asije akamwita bosi. Akapiga chafya, akaondoka.

Mama, sisi tuliipokea habari ile kama msiba. Bwana Eliakimu tulikuwa tunamwona akipita kwenye gari vioo vimefungwa. Kibibi, huyu mwenzangu wa karibu mwenye maneno mengi, ndiye aliyefungua mdomo, akasema jamani mtu anashushwa kutoka ukurugenzi mpaka kwenye brashi bila hata kupitia stoo? Mmoja akasema lazima ni ulevi. Mwingine akasema hapana, wale hawashushwi kwa ulevi, yule atakuwa alimjibu vibaya mkubwa kuliko yeye. Mwisho tukakubaliana kwamba alichokosa ni chake na Mungu wake, sisi tumpokee kama binadamu.

Jumatatu akaja. Akashuka kwenye bodaboda. Kibibi akanikanyaga mguu akaninong'oneza kwamba hata gari wamemnyang'anya. Mtu mzima mama, nywele zina mvi pembeni, ovaroli imembana tumboni, buti zinaonekana kabisa ni ndogo. Tukamwendea mmoja mmoja kumpa pole. Pole baba. Pole sana. Naye kila mmoja akamjibu asante, asante mama, nitazoea tu. Tulivyosikia anasema atazoea, wengine machozi yakawalengalenga. Kibibi akamwambia cheo ni koti la kuazima, mwenyewe akilitaka unavua, kubwa ni kubaki na ngozi. Bwana Eliakimu akamtazama, akasema hayo ni maneno mazito, akaomba aonyeshwe brashi iko wapi.

Ukitaka ukweli, alikuwa anasugua kama anayekoroga uji. Maji yote yalimwingia kwenye mikono ya ovaroli. Lakini hakulalamika, na tukimwambia pumzika baba, umri nao unahesabiwa, anasema hapana, nyinyi hampumziki. Saa ya kula tukamkuta amesimama pembeni kama mgeni kwenye arusi ambayo hakualikwa. Tukamwita. Kila mmoja akamega kwenye chakula chake, ugali wa muhogo, kisamvu, huyu dagaa, yule mbaazi, ikawa sahani kubwa kuliko zetu zote. Tulimwonea huruma. Alikula akamaliza. Mama mmoja akamshauri kwamba jioni apige simu huko makao makuu, aongee kwa unyenyekevu, wakubwa nao wana mioyo. Akajibu kweli, atawapigia, ana mengi ya kuwaambia. Kumbe kila mtu alikuwa anazungumza la kwake.

Nilipangwa naye kwenye beseni moja. Tukawa tunaongea. Aliniuliza natokea wapi, nikamwambia Newala, akauliza kama ni kweli zamani huko juu hapakuwa na maji. Nikamsimulia kama ulivyonisimulia wewe, mlivyokuwa mnaamka na ndoo kushuka bondeni, na kwamba kushuka si kazi, kazi ni kupanda. Nikamwambia yalipofika mabomba wewe uliipindua ndoo yako ukaikalia, ukaapa hushuki tena, hata ukiitwa arusini. Akacheka mpaka akaachia dumu.

Siku ya katikati ya juma ndipo nilipobanwa. Alfredi aliamka na joto kidogo, nikampeleka kwa Sijaona hivyohivyo. Haikupita muda nikasikia mwiko. Nikajizuia, maana Abrahamu alikuwa anapitapita. Mwiko tena, safari hii kwa nguvu. Kifua kikaanza kutiririka. Mama, wewe unajua inavyokuwa, mtoto analia huku na mwili wako unamwitikia kabla yako. Nikamgeukia Bwana Eliakimu. Nilimwona kama mwenzangu, mtu ambaye hana tena cha kumfanya mwingine. Nikamwambia baba, wewe na mimi wote wa chini, nisitiri. Mwanangu yuko getini ana homa anataka kunyonya, nishikie madumu yangu, na Abrahamu akija mwambie nimeenda msalani.

Akaniuliza kwa nini mtoto yuko getini. Nikamwambia baba, ulipokuwa juu hukusikia kwamba mwenye mtoto mchanga haandikwi hapa? Akasema hakuna amri kama hiyo, hajawahi kuiona. Nikamwambia sijui kuhusu kuiona, mimi nimeulizwa kwa mdomo na nimedanganya kwa mdomo. Akalivuta beseni upande wake, akanionyesha mlango kwa kidevu.

Alfredi alinyonya akapata nafuu, akalala. Niliporudi, Kibibi akanisimulia kwa kicheko kwamba Abrahamu alikuja akauliza Veridiana yuko wapi, na yule baba akajibu bila kupepesa macho kwamba ameenda msalani, tumbo linamsumbua tangu asubuhi. Abrahamu, ambaye akituuliza sisi huwa ana maswali matano nyuma ya moja, siku hiyo akasema sawa, akaenda zake. Kibibi akasema huyu mzee ana uongo mzuri, ndiyo maana alipata ukurugenzi.

Baadaye, tukiwa tunasuuza, aliniuliza taratibu mtoto nitamfanyaje. Nikamwambia mwisho wa mwezi nampandisha kwa mama yangu, nimwachishe ziwa, hakuna njia nyingine. Akauliza akina mama wa zamani wa Newala waliokuwa wanashuka bondeni, watoto waliwaacha wapi? Nikamwambia walipeana zamu. Mmoja anabaki juu na watoto wote, anawanyonyesha hata wasio wake, wenzake wanashuka, na wakirudi kila mmoja anampunguzia maji kwenye ndoo yake. Ukibaki hukosi maji. Akasema zamu ya kushuka. Nikasema ndiyo, na zamu ya kubaki.

Ijumaa jioni ndipo mambo yalipofunuka. Tunamaliza kazi, tukaona lile gari linaingia getini. Dereva akashuka mbio, akamfungulia Bwana Eliakimu mlango, akampokea buti kwa mikono miwili. Kibibi akapiga kelele kwamba wamemrudishia gari, wamemsamehe, na wanawake wakaanza vigelegele, wakapiga madumu kama ngoma, wakamzunguka kumpa hongera. Hongera baba kwa kupandishwa, Mungu hamtupi mja wake, usiturudie huku tena. Bwana Eliakimu akasimama na soksi zake mbichi haelewi kitu. Abrahamu akauliza kupandishwa kutoka wapi? Ndipo kila upande ukaeleza. Kumbe kule makao makuu walikubaliana kila mkubwa ashuke afanye kazi ya mikono kwa wiki nzima, aione kwa macho yake. Hakushushwa na mtu. Alishuka mwenyewe. Na zile pole zetu zote yeye alidhani ni pole za kazi.

Mama, yule mtu alicheka mpaka akakaa juu ya kreti na kufuta macho kwa mkono wa ovaroli. Akasema ndiyo maana ule ugali ulikuwa mwingi. Kibibi akajifunika khanga uso mzima. Wote walicheka, ila mimi nilijisogeza nyuma ya madumu. Nilimwambia mkurugenzi mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba nilidanganya ili niandikwe, na kwamba mwanangu yuko getini kwake. Akapita mbele yangu, akasema tu kwaheri mama Alfredi.

Jumamosi na Jumapili ile sikula vizuri. Nikafua nguo za mtoto zote, nikazikunja kwenye mfuko, na ile kofia uliyomfumia juu yake. Nikasema Jumatatu nampeleka stendi mwenyewe, tupande wote, nikija kuulizwa awe kweli yuko Newala. Usiku nikamnyonyesha huku namwambia kwamba kwa bibi kuna baridi lakini kuna mapapai. Alikuwa ananitazama tu na lile paji la baba.

Asubuhi nilipita getini kumuaga Sijaona, naye aliponiona na mfuko akaniambia kwanza niingie nisikie ninachoitiwa, maana Abrahamu alikuwa anatukusanya tena. Nikamwachia Alfredi na mfuko wake, nikaingia nikiwa nimeshajifukuza kazi moyoni.

Abrahamu safari hii hakuwa na mafua. Aliongea polepole, neno kwa neno, naona aliambiwa hivyo. Akasema chumba kilichokuwa stoo ya vizibo kitafagiliwa, kitapakwa chokaa, kitatandikwa mikeka, watoto wanaonyonya wakae humo, na mama zao wawe wanaenda kunyonyesha kwa saa zinazojulikana, bila kukatwa kitu. Akasema katazo lile hajui lilitokea wapi. Yeye alilikuta kwa aliyemtangulia, akadhani limetoka juu. Na juu walikuwa hawajawahi kusikia mtoto akilia, wakadhani hakuna watoto. Kisha akasema, mwenye mtoto mchanga anyooshe mkono.

Hakuna aliyenyoosha. Kila mtu aliangalia chini, tukidhani ni mtego. Nikamfikiria Alfredi na mfuko wake pale nje, nikaona basi, lijalo na lije. Nikanyoosha peke yangu. Nikasikia nyuma yangu khanga inafungwa vizuri, nikageuka, Kibibi mama yangu, Kibibi huyuhuyu wa maneno, amenyoosha. Ana binti mdogo anamwacha kwa jirani, hajaniambia hata mimi ninayekula naye sahani moja. Kisha mwingine, na mwingine tena upande wa kubandika karatasi. Tukawa tunatazamana. Kibibi akaniambia kumbe wewe tumbo lilikuwa linakusumbua na mimi nilikuwa nasingizia mgongo.

Alfredi ameshalala kwenye chumba kile siku nne za kwanza. Kuta bado zinanuka chokaa na dirisha halifungi vizuri, nimelizibia kwa boksi. Wamesema ni majaribio mpaka msimu wa joto uishe, wataangalia inaendaje. Sijui watakachoamua baadaye. Lakini leo mtoto wangu ananyonya na kazi ninayo, na ule mfuko wa nguo nimeufungua.

Kwa hiyo mama, Alfredi hatapanda mwisho wa mwezi. Nimelisema. Nisamehe kwa kitanda ulichokikaza.

Sasa Isabela, hapa soma polepole zaidi, na kama mama amesimama mwambie akae.

Abrahamu alituuliza nani atabaki na watoto. Akasema anatakiwa mtu mzima, tunayemwamini sisi wenyewe, na kampuni itamlipa. Si mshahara wa kujengea nyumba, ila ni mshahara. Sijaona alikataa, akasema sufuria lake ndilo mtoto wake. Wenzangu wakaanza kutaja shangazi zao na kubishana. Mimi nikawasimulia ile ya bondeni uliyonisimulia wewe, kuhusu yule anayebaki na watoto wote na anayepunguziwa maji. Wakauliza huyo mama yako yuko hai? Nikasema yuko hai, ana magoti tu.

Nililitaja jina lako, mama. Sikukuuliza. Waliliandika palepale, wakaniambia nikuite, na chumba changu nimeshahamisha meza ili kitanda cha pili kitoshe. Kwa sasa tunapokezana sisi wenyewe, na wenzangu kila asubuhi wananiuliza bibi anakuja lini.

Najua uliapa hushuki tena. Nimelifikiria hilo kila siku, ndiyo maana barua imekuwa ndefu. Lakini kile ulichokiapia kilikuwa bonde, na ndoo, na ule mlima wa kurudi. Safari hii utashuka umekaa kwenye kiti cha basi, dirishani, kichwa kitupu. Hakuna mtu atakayekuomba upandishe kitu. Isabela atabaki na mjomba, wataangalia mikorosho, na maua yakigeuka korosho utapanda kwenda kuokota ukitaka, nitakuombea ruhusa mimi mwenyewe. Zamu zako zote za kushuka ulishashuka. Hii ni zamu ya kubaki.

Ukikubali, usipige simu. Mpe kondakta wa basi la asubuhi ile ndoo yako ya kukalia aniletee, nitaelewa. Utahitaji cha kukalia, wameleta mikeka tu.

Nisalimie mjomba na shangazi, wasalimie majirani wote waliokuwa wakichungulia kitanda cha mjukuu. Mchungie mama magoti yake, Isabela, na barua hii uikunje uiweke pakavu. Mama, Kibibi anakuamkia, anasema shikamoo bibi wa watoto, ameshakuita hivyo.

Mume wako anatambaa tangu juzi. Kila mlango ukifunguliwa anainua kichwa kutazama ni nani. Shuka, mama.

Mimi mwanao akupendaye,
Veridiana, Mama Alfredi